Anga Lilitakata Usiku?

Aprili, katika Alpi za Uswisi, mwangalizi wa theluji huanza kazi kwa kuuliza habari za anga: lilitakata usiku kucha, au wingu lilitanda? Anga likiwa tupu, theluji hupoteza joto lake kuelekea juu, na uso wake huganda hata kama hewa iko nyuzi mbili tatu juu ya sifuri. Wingu likitanda, joto hurudi chini, na alfajiri mteremko uleule huwa laini, umeshiba maji, unangoja kuachia.

Ujuzi huu una makao yake Davos, kwenye taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko, SLF. Mwaka 1936 watafiti walijenga kibanda cha mbao pale Weissfluhjoch, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na tangu 1945 taarifa za hatari hutumwa kwa umma. Katika majira ya baridi ya 1950 hadi 1951 maporomoko yaliua watu 98 nchini humo, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza kazi hii ni ya nini. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza ujuzi wa Waswisi na Waaustria wa kukabili maporomoko katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kwangu mimi ni haki yao kabisa, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yenyewe bado imo mikononi mwa watu.

Mtazame fundi akichimba shimo. Huusawazisha ukuta wa theluji kwa beleshi, kisha huubonyeza tabaka kwa tabaka, kutoka juu hadi chini. Hujaribu ngumi kwanza. Ngumi isipoingia, hujaribu vidole vinne, halafu kidole kimoja, halafu penseli, na mwisho kisu. Ngazi hizo tano huandikwa daftarini na kueleweka kwa kila mwenye kazi hiyo. Kisha huchomeka kipimajoto kila baada ya sentimita kumi. Hapo ndipo majira ya machipuko hujidhihirisha: siku moja kipimo husoma sifuri kutoka juu hadi ardhini. Baridi iliyokuwa ikiyagandisha maji njiani imekwisha. Maji sasa hushuka mpaka yakute tabaka gumu, au zile chembe kubwa zilizojijenga karibu na ardhi tangu mwanzo wa msimu, zisizoshikana, kama chumvi ya mawe. Hukusanyika hapo, hulegeza kila kiungo, na mteremko mzima unaweza kuondoka.

Ndiyo maana hatari ya machipuko ina saa zake, na ninachokistahi zaidi kwa waongozaji wa milimani ni utii wao kwa saa hizo. Jua hupiga miteremko ya mashariki kwanza, kisha ya kusini, na alasiri ya magharibi. Mwongozaji huipanga safari nyuma ya mzunguko huo. Huondoka na taa kichwani kungali giza, hupanda juu ya ganda gumu, kisha husubiri kileleni hadi sentimita chache za juu zilainike. Akishuka mapema, atateleza juu ya barafu. Akichelewa, buti litazama hadi kwenye muundi, na vibonge vya theluji vitaanza kubingirika vyenyewe kutoka miambani. Akiona hivyo huiacha miteremko yenye nyuzi 30 na zaidi, na hukaa mbali na njia za maporomoko chini yake, hata kama wageni wake wamelipa na mbingu ni ya buluu.

Vifaa vya uokoaji anavyo: kifaa cha redio cha kilohezi 457, fimbo ndefu ya kutafutia, na beleshi. Anajua pia kwamba aliyefukiwa, dakika kama 15 zikipita, nafasi yake ya kuishi huporomoka. Kwa hiyo huvifanyia mazoezi bila kuvitegemea katika kuchagua njia.

Jioni huripoti aliyoyaona: ganda lilikuwa nene kiasi gani, lililainika saa ngapi, upande upi uliachia. Habari za namna hiyo huingia katika taarifa ya saa 11 jioni. Siku za machipuko taarifa huweza kuwa na ramani mbili, moja ya theluji kavu, nyingine ya theluji iliyolowa ambayo hatari yake hupanda kadiri mchana unavyosogea. Mtabiri akishaitoa, hubaki na neno moja la kukagua kabla ya alfajiri: kama wingu limekuja.