Joram Kiango Ameachwa Yatima

Wapo watakaonicheka. Eti kijana wa Mpanda anamlilia mtu aliyefariki Novemba 2008, wakati huo mwenyewe hajaanza hata darasa la kwanza. Wacheke tu. Mimi habari za kifo cha Ben Mtobwa nilizipata nikiwa kidato cha pili, siku nilipomrudishia jamaa mmoja wa Makanyagio kitabu chake, Tutarudi na Roho Zetu?, kisicho na jalada, kimeshonwa kwa uzi wa viatu. Nikamwuliza kipya kitatoka lini. "Kipya kitoke wapi, dogo? Mzee alishatangulia." Niliumia kama nimefiwa na mjomba.

Mtobwa alikuwa mtu wa Kigoma, majirani zetu kabisa. Kwa sisi tunaoandikia huku mikoani hilo si jambo dogo.

Wengi husifu mapigano na mbio za Joram. Mimi nasema uhodari wake unaanzia kwenye jina la kitabu. Hebu yasome kwa sauti. Lazima Ufe Joram: hicho ni kitisho. Najisikia Kuua Tena: hapo muuaji mwenyewe anaungama. Salamu Toka Kuzimu ni barua, na Tutarudi na Roho Zetu? ni swali la mtu anayeondoka bila uhakika. Yaani kabla hujafunua ukurasa wa kwanza, kuna mtu ameshaanza kusema nawe, tena ana shida. Sisi wa sasa tunaandika "Kisasi", "Penzi la Damu", halafu tunashangaa msomaji anasinzia.

Tofauti na Elvis Musiba, aliyetutoka 2010, pia ni kubwa. Willy Gamba wake ni mpelelezi wa serikali, ana wakubwa wa kumtuma. Joram ni mtu binafsi. Hatari anaifuata kwa miguu yake, na ndiyo maana sisi wa mtaani tulimpenda zaidi.

Ana kasoro, bwana. Wanawake wake ni wazuri mno, kila mmoja, hadi unawachanganya. Na Joram huchoki kujua kwamba atapona. Katika mswada wangu, ambao uko ukurasa wa 64, mpelelezi anashuka kwenye treni ya kutoka Tabora akiwa na homa, na sijui kama atafika mwisho. Hilo nimekusudia.

Kinachoniuma ni hiki. Shuleni tulisoma Watoto wa Mama Ntilie cha Mbogo kwa ajili ya mtihani. Tazama nani alikichapa: Heko, kampuni ya Mtobwa mwenyewe. Lakini riwaya zake hazikuwamo katika orodha yetu, zikaitwa "pendwa", kana kwamba kupendwa ni kosa. Tulizisoma chini ya dawati, na mwalimu aliyetunyang'anya alikaa nazo wiki mbili.