Mzigo wa Kushukia Pwani

Kufungasha ni ufundi, na mafundi wake hawana karakana wala kibao mlangoni. Utawakuta Mgeta, magharibi ya Milima ya Uluguru, hasa Desemba watu wanapojiandaa kushuka Dar es Salaam kuwasalimia ndugu na kula sikukuu. Tunamsifu seremala, tunamsifu fundi cherehani. Mama aliyefungasha mzigo ukafika salama, hata shukrani hapewi, na mimi naona si haki.

Anafunga mzigo mmoja kwa hali mbili za hewa. Nyandira, huko Mgeta, usiku blanketi halitoki mwilini. Ukishuka hadi Sangasanga, kwenye lami, joto limeshakupokea. Na Dar, kama kilomita 190 kutoka Morogoro mjini, kaskazi imekolea, hewa imejaa unyevu, na shati linagandana na mgongo kabla ya saa nne asubuhi. Asiyeizoea pwani hujaza begi kwa hofu ya kupungukiwa. Anayejua huanza kwa kupunguza. Suruali nzito na nguo za nailoni zinabaki nyumbani, zinakwenda za pamba, nyepesi, za kufua jioni na kuvaa kesho yake. Ndala haziachwi, kwa sababu mchanga wa ufukweni saa nane mchana haukanyagiki kwa mguu mtupu. Inatafutwa nguo moja ya mikono mirefu kwa ajili ya jioni, maana mbu, ambao kule juu kwenye baridi ni wachache, pwani ni wengi na malaria ipo.

Kisha kanga. Hapa sifichi upendeleo wangu: sijaona kitu kinachostahili nafasi yake kwenye begi kama doti moja ya kanga. Garini inamfunika mtoto, na mtoto akilala inambeba mgongoni. Stendi ya Msamvu inasokotwa ngata, tenga linapanda kichwani. Kigamboni kipande kimoja unaingia nacho baharini na cha pili kinasubiri kikavu. Ukiwa Bagamoyo au Unguja, ukitoka ufukweni kupita mitaani, ndiyo stara yako, na wenyeji wataiona heshima hiyo. Usiku wa joto, shuka nyingine ya nini?

Lakini nguo ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Hakuna anayekwenda kwa ndugu mikono mitupu, na msimu huo Mgeta kuna matunda ya nchi ya baridi ambayo pwani hayaoti: matunda damu, mapichi, peasi. Tazama tenga la mianzi linavyojazwa. Kwanza majani makavu ya mgomba, yamekunjwa mara mbili chini na kupandishwa ubavuni, ili fito zisichome tunda. Viazi vinatangulia, kwa kuwa vinavumilia uzito. Juu yake peasi, zile ngumu, vikonyo vikielekezwa pembeni visije vikatoboa jirani. Mapichi na matunda damu yanakuja mwisho, na hayachumwi yaliyoiva: mama analigeuza kila moja kiganjani, analibonyeza kidogo kwa kidole gumba, na lililolainika anawapa watoto walioketi karibu. Linalobaki ni lile lililoanza tu kupiga wekundu, litakaloiva njiani. Kila tabaka linafunikwa jani. Akimaliza analitikisa tenga mara moja na kusikiliza. Likitoa sauti ya matunda kugongana, anafungua na kuongeza majani. Likikaa kimya, anapitisha kamba ya mgomba juu, huku na huku, na kukaza.

Njia hii ya kati ya Morogoro na pwani inajua mizigo tangu zamani. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akitoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone, alipita Simbamwene, ilipo Morogoro ya leo, akiwa na mitumba ya vitambaa mabegani mwa wapagazi. Mzigo wa mpagazi ulikadiriwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na ukifungwa vibaya ulimuumiza mtu siku nzima. Majina ya wenye misafara yamo vitabuni. Ya waliofunga na kubeba ni machache mno.

Siku hizi treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, inafika kwa chini ya saa mbili, na vijana wengi wanashuka na begi la mgongoni tu. Wazazi bado wana shangazi kaja, ule mfuko mkubwa wa mirabamiraba. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na mgeni wa nje anayekuja kupumzika kwetu asiifungashe kwenye mizigo yake. Mimi nimefurahi kuona kikapu cha ukindu kimerudi mikononi mwa watu.

Jambo moja wageni wengi hawalijui: mzigo wa kwenda haujazwi mpaka mwisho, kwa sababu mwenyeji naye ana mkono wake. Pwani itakupa nazi, ng'onda, pengine na mkeka. Mwenye uzoefu anaacha robo ya begi tupu tangu nyumbani. Tenga linarudi na nazi, ambazo hazihitaji kubembelezwa. Ng'onda wanafungwa peke yao, karatasi kwanza kisha kikapu, na garini wanakaa mbali kabisa na nguo.