Wingu, Kalenda na Uhamiaji: Istilahi za Ofisi Ndogo Mpakani

Ofisi nyingi ndogo nchini zimeanza kuacha desturi ya kuweka barua pepe zao katika kompyuta moja iliyo mezani kwa karani, na badala yake kuzihifadhi katika mitambo ya makampuni makubwa, ambako hupata pia kalenda inayoonwa na wafanyakazi wote kwa pamoja. Maelekezo ya kazi hiyo yanapatikana kwa Kiswahili, ama kwenye vioo vya simu na kompyuta, ama katika makaratasi ya wakufunzi. Katika makala haya tungependa kuzipima baadhi ya istilahi zinazotumika humo, nasi tumechagua kuzipimia katika wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera.

Uchaguzi huo una sababu. Barabara ya malori itokayo Dar es Salaam kupitia Isaka na Lusahunga hufika Rusumo, mpakani mwa Rwanda, na tawi lake hufika Kabanga, mpakani mwa Burundi. Tangu kituo cha pamoja cha Rusumo kizinduliwe rasmi Aprili 2016, mzigo hukaguliwa na maofisa wa nchi mbili mahali pamoja, na wakala wa forodha ambaye hakujibu barua kwa wakati humweka dereva njiani. Aidha wenyeji wa huko ni Wahangaza, Washubi, Wasubi na Wazinza, ambao wengi wao Kiswahili ni lugha yao ya pili. Istilahi isiyojieleza yenyewe haiwezi kutegemea kwamba msikilizaji ataikisia kwa mazoea ya pwani.

Basi tuchukue mfano wa ofisi ya uwakala yenye dawati Rusumo, dawati Kabanga na mhasibu Biharamulo mjini. Wakufunzi huwaambia wenye ofisi ya namna hiyo kwamba watafanya "uhamiaji wa barua pepe". Neno hili halifai hata kidogo, na halifai zaidi pale Rusumo. Uhamiaji ni idara ya serikali yenye dirisha lake kituoni. Hugonga mihuri katika pasipoti. Zaidi ya hayo, kitenzi *kuhamia* humhusu yule aendaye mwenyewe, ilhali barua haziendi zenyewe. Mtu huzinakili kutoka hifadhi ya zamani hadi mpya, kisha hubadilisha kumbukumbu ya jina la kikoa ili barua zijazo zielekezwe kwenye mitambo mipya, na hifadhi ya zamani huachwa ikifanya kazi kwa siku kadhaa mpaka mabadiliko hayo yajulikane kila mahali. Kazi hiyo ni *uhamishaji*. Herufi chache zilizobadilika zinamwambia mwenye ofisi jambo kubwa: kwamba kuna mtu wa kuwajibika iwapo barua zitapotea.

Tuje kwenye *wingu*. Tunajua kwamba neno hili limekwisha enea, na hatuna nia ya kulifukuza. Yaliyowapata *tarakilishi* na *ngamizi* mbele ya *kompyuta* yanatosha kutufundisha kiasi cha nguvu zetu. Lakini tuna haki ya kulihoji. Katika Kiswahili wingu ni kitu kisicho na mahali maalumu, hupita na kutawanyika, na likitumika kwa mafumbo huwa ni la simanzi au la shaka. Mfanyabiashara anayeambiwa kwamba ankara zake zote "zitakuwa winguni" ana haki ya kuguna. Kisicho na mahali hakina mlinzi, wala hakina sheria. Ukweli ni kinyume chake. Barua zile zimo katika mashine halisi, ndani ya majengo halisi, mara nyingi nje ya Tanzania. Jambo hili si la lugha tu, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na wakala wa forodha hushika majina, namba za vitambulisho na namba za simu za watu wengi. Neno likimficha mahali zilipo taarifa, humficha pia swali analopaswa kuuliza.

Hapa twaona ajabu kwamba watafsiri hawakutazama ghala. Mkulima wa nchi hii anafahamu tangu Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 kwamba mtu anaweza kuweka mazao yake katika ghala la mwingine, akalipa gharama ya kuyatunza, akabaki na stakabadhi, na mali ikaendelea kuwa yake. Huo ndio uhusiano uliopo baina ya ofisi ndogo na kampuni inayotunza barua zake. Nywila ndiyo stakabadhi yenyewe. (Tungesema *neno la siri*, kwani ndivyo watu wasemavyo.) Kwa maoni yetu *ghala la mbali*, au walau *hifadhi ya mbali*, lingetangulia katika maelezo, na *wingu* likafuata kama jina ambalo msomaji atalikuta kiooni.

Kosa kubwa kuliko yote, nalo limo karibu katika kila programu, ni *shiriki*. Kitufe cha kumpa mwenzako faili au kalenda huandikwa "Shiriki". Kushiriki ni kuwa na sehemu katika jambo: mtu hushiriki mazishi, hushiriki mkutano. Anayebonyeza kitufe hicho akielewa Kiswahili sawasawa atadhani kwamba yeye ndiye anayeingizwa katika kalenda ya mtu mwingine, kumbe ndiye anayeitoa ya kwake. Kiswahili kina mnyambuliko wa kusababisha, tena ni wa kawaida kabisa: *shirikisha*. "Mshirikishe mhasibu ratiba hii" haina utata. Na kwa kuwa kalenda hizi huruhusu ngazi mbalimbali, yaani kuona tu kwamba mtu ana shughuli, au kuona maelezo yake, au kuyabadilisha, utata wa kitenzi huwa hatari: karani anaweza kumpa mteja uwezo wa kufuta safari ya lori akidhani amejiandikisha tu.

Tumesema *ratiba* kwa makusudi. Kalenda ni ile itundikwayo ukutani, yenye siku na miezi, na kila mtu anayo yake. Kinachoshirikishwa si siku bali ni shughuli zilizopangwa ndani ya siku hizo. *Ratiba ya pamoja* ni wazi zaidi kuliko "kalenda shirikishi", ambayo hutufanya tufikiri kwamba kalenda yenyewe ndiyo inayowashirikisha watu. Wanaoalikwa nao wasiitwe *wageni*, kama Kiingereza cha programu hizo kinavyowashawishi watafsiri. Mhasibu wa Biharamulo si mgeni katika ofisi yake. *Waalikwa* latosha.

Si yote mabaya. *Kiambatisho* na *nakala kwa* ni istilahi njema, na sababu yake ni kwamba zilitoka masijala, ambako makarani walizitumia kabla ya kompyuta. *Barua pepe* imeshinda wapinzani wake na hatuna neno nayo. *Kikasha* si baya, ingawa masijala ilikuwa na *barua zilizoingia*, ambalo halihitaji kufafanuliwa. Hata kundi lililotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilionyesha kwamba kazi hii yaweza kufanywa na wataalamu wa hapa hapa.

Lakini liko jambo ambalo tafsiri ya maneno haijaligusa, nalo ni saa. Programu hizi zimetafsiri majina ya siku, zikaacha hesabu ya saa kama ilivyo Ulaya. Karani anayeandika lori litafika "saa 4 asubuhi" akaingiza 4:00, atapata kengele saa kumi alfajiri, saa sita kabla ya wakati wake. Mpakani mambo huzidi. Saa za Rwanda na Burundi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na simu iliyo karibu na daraja la Rusumo yaweza kunasa mtandao wa ng'ambo ikajirudisha nyuma bila kuulizwa. Na kwa kuwa Wanyarwanda nao huhesabu saa kama sisi, kuanzia kuchomoza kwa jua, saa nne ya Tanzania ni saa tatu kwao, na 9:00 kwenye kioo cha simu. Wakati mmoja umepata majina manne.

Hadi watengenezaji watakapokubali kuonyesha saa za Kiswahili, twapendekeza kwamba katika jina la kila shughuli ya mpakani, na si katika sehemu ya saa pekee, karani aandike kwa maneno: "Lori kufika Rusumo, saa nne asubuhi, saa za Tanzania."