Ndege wa mapukutiko wanavyotafutwa Central Park

Central Park, bustani ya hekta 341 katikati ya Manhattan, New York, ni kazi ya mikono ya watu. Ilianza kutengenezwa 1858 kwa ramani ya Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux. Maziwa yake yalichimbwa, udongo ukahamishwa kwa mikokoteni, miti ikapandwa. Hata hivyo zaidi ya aina 250 za ndege zimeandikwa humo, na nyingi kati yao ni wapita njia tu. Sababu ni mahali bustani ilipo. Mwambao wa Atlantiki ni mojawapo ya njia kuu za ndege wanaohama kutoka misitu ya Kanada kwenda kusini, na wengi wao husafiri usiku. Anayekutwa na mapambazuko juu ya New York huona chini saruji, lami na vioo, na katikati yake mstatili mmoja wa kijani. Hushuka hapo. Wale ambao mashambani wangetawanyika maili kwa maili hujikuta wamebanana kwenye vichaka vichache.

Kwa ndege, mapukutiko huanza kabla ya jani lolote kudondoka. Mwanzoni mwa Agosti, watu wakiwa bado wanaota jua kwenye nyasi za Sheep Meadow, wabla wa kwanza wameshaanza kupita. Wabla ni videge wala wadudu wa jamii ya Parulidae, wengi wao wenye uzito wa gramu kumi hivi, nao ndio hasa wanaowatoa watu vitandani gizani. Kilele chao ni Septemba. Msafara huu wa kusini ni mkubwa kuliko ule wa Mei, kwa kuwa una makinda wote wa mwaka, lakini ni mgumu zaidi kuusoma: madume wameshavua manyoya ya rangi kali, hakuna anayeimba, na majani bado yamefunga matawi.

Kwa hiyo kazi huanza usiku uliotangulia, na huanza kwa upepo. Hewa baridi kutoka Kanada ikishaisukuma ile ya joto baharini, mvua hukatika, anga hutakata, na upepo hugeuka na kuvuma kutoka kaskazini-magharibi. Ndege waliokuwa wamekwama kwa siku kadhaa huondoka kwa pamoja, upepo ukiwa mgongoni. Upepo huohuo huwapeleka upande, kuelekea pwani, na wanaopelekwa zaidi ni makinda ambao hawajawahi kupita njia hiyo. Ndiyo maana asubuhi inayofuata bustani hujaa ndege wachanga, na ndiyo maana mtazamaji anayeamka kwa mazoea tu, bila kuangalia hali ya hewa, hupoteza asubuhi nyingi.

Baada ya upepo hutazamwa rada. Kituo cha rada ya hali ya hewa kinachohudumia eneo hilo kiko Upton, Long Island. Usiku wenye safari kubwa, muda mfupi baada ya jua kutua, duara hutokea kwenye picha kukizunguka kituo na kutanuka pande zote kwa wakati mmoja. Mvua haifanyi hivyo. Huingia kutoka upande mmoja, ikiwa na kingo. Kuwatenga ndege na wadudu hutumika kasi: mdudu huchukuliwa na upepo kwa mwendo wa upepo, ndege huupita. Mradi wa BirdCast wa Cornell Lab of Ornithology hufanya hesabu hizo na kukadiria idadi ya waliopita angani. Idadi hiyo inahitaji kusomwa kwa hadhari. Usiku wa upepo mzuri na anga safi, kundi kubwa linaweza kupita moja kwa moja hadi New Jersey bila kugusa Manhattan. Zinazojaza vichaka kuliko zote ni zile saa ambazo safari kubwa hukutana na mawingu ya chini au manyunyu kabla ya kucha.

Taa za jiji nazo zina mchango, na si wa heri. Utafiti uliochapishwa 2017 kuhusu miali ya kumbukumbu ya Septemba 11 ulikadiria kuwa katika usiku saba, wa miaka saba, miali hiyo iliathiri ndege wapatao milioni 1.1; taa zilipozimwa, waliokuwa wakizunguka ndani ya mwanga walitawanyika kwa dakika chache. Wanaovutwa hadi chini ya majengo hukutana na vioo asubuhi. Sheria ya jiji iliyoanza kutumika Januari 2021 inataka majengo mapya yatumie vioo ambavyo ndege anaweza kuviona, hadi futi 75 kutoka ardhini.

Kukicha, wengi huelekea Ramble, msitu mdogo wa njia zilizopinda kaskazini mwa ziwa kuu. Mpangilio wa mzunguko hufuata jua. Miale ya kwanza hugonga vilele vya miti kwenye kingo zinazotazama mashariki. Hapo wadudu hupata joto na kuanza kutambaa, na hapo ndege waliofunga usiku kucha hutafuta mlo wa kwanza. Anayetangulia kwenye vivuli huona majani tu. Jua likipanda, ndege huteremka matawi ya kati, na mtazamaji huhamia kwenye chakula na maji. Kwenye Tupelo Meadow kuna mti mkubwa wa tupelo (Nyssa sylvatica) ambao matunda yake madogo ya rangi ya zambarau iliyoiva sana hukomaa Septemba; kusimama chini yake kwa nusu saa kwa kawaida huzaa zaidi kuliko kuzunguka bustani nzima. Kijito cha Gill kimetengenezwa, nacho ndege hukijia kuoga mchana.

Kutambua aina ndiko kwenye ugumu hasa. Mfano unaowasumbua hata wazoefu ni wabla wawili: Setophaga striata, ambaye Mei dume lake huwa na kofia nyeusi, na Setophaga castanea, ambaye dume lake huwa na kifua cha hudhurungi. Septemba kofia haipo, hudhurungi imefifia, na wote wawili ni kijani-zaituni mgongoni, manjano hafifu chini, na mistari miwili myeupe kwenye bawa. Kutazama rangi kwa jumla hakusaidii. Striata ana michirizi hafifu ubavuni mwa kifua, manyoya ya chini ya mkia ni meupe, na nyayo zake ni za manjano hata pale mguu unapokuwa mweusi. Mtu aliyesimama chini ya tawi huziona nyayo hizo kabla ya kitu kingine chochote. Castanea hana michirizi, chini ya mkia ana rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai, na miguu yake ni myeusi hadi kuchani. Ni vema kuanza na miguu, kwa kuwa mwanga unaochujwa na majani hupaka manjano ndege yeyote.

Njia hii ya kutafuta alama chache zisizobadilika ina historia yake New York. Zamani utambuzi ulithibitishwa kwa bunduki. Ludlow Griscom, aliyechapisha kitabu cha ndege wa eneo la New York 1923, alisisitiza kuwa darubini inatosha. Roger Tory Peterson, aliyekuwa katika kundi la vijana wa Bronx waliomfuata, alitoa mwongozo wake 1934 wenye michoro iliyoelekeza jicho kwenye alama zenyewe.

Katikati ya Septemba, jua likishapanda, macho hugeukia juu. Kutoka Belvedere Castle, jengo lililo juu ya mwamba wa Vista Rock, huonekana mwewe wa mabawa mapana (Buteo platypterus) wakizunguka kwa makundi ndani ya hewa ya joto inayopaa, kisha wakiteleza kuelekea kusini bila kupiga bawa.

Oktoba kazi hushuka ardhini. Wabla hupungua, na nafasi yao huchukuliwa na ndege wa mbegu kama Zonotrichia albicollis, wanaochakura majani makavu kwa miguu yote miwili. Sikio huwapata kabla ya jicho. Kigong'ota Sphyrapicus varius hutoboa safu za vishimo kwenye magome, na wadudu na ndege wengine huufuata utomvu unaotoka humo. Novemba ni zamu ya bwawa kubwa la maji, ambako bata wa mdomo mpana (Spatula clypeata) huogelea kwa duara, kila mmoja akikoroga chakula kwa ajili ya anayemfuata. Ni aina ileile ambayo kutoka Ulaya na Asia hukaa miezi hiyo kwenye maziwa ya Naivasha na Nakuru. Bundi hutafutwa kwa ishara za pembeni: kinyesi cheupe kwenye misonobari, au kelele za ndege wadogo waliomzingira. Wanaowapata wengi wao hunyamaza, kwani umati wa wapiga picha humnyima bundi usingizi.

Kinachobaki ni kumbukumbu. Katika eBird, hifadhidata iliyoanzishwa 2002, orodha yenye thamani ni ile inayotaja muda, umbali na aina zote zilizotambuliwa, wakiwemo njiwa wa mitaani na kwezi, kwa sababu orodha kamili ndiyo pekee inayoweza kuonyesha ndege ambaye hakuwepo. Msimu hufungwa Desemba kwa hesabu ya Krismasi. Ilianzishwa 1900 na Frank Chapman wa jumba la makumbusho ya viumbe lililo ng'ambo ya barabara, na Central Park imo tangu mwaka huo wa kwanza: bustani hugawanywa sehemu, kila kundi huhesabu ndege wa sehemu yake asubuhi moja, na idadi hujumlishwa siku hiyohiyo.