Swichi Inayotii Mchana na Kugoma Usiku

Mchana dereva anabonyeza swichi ya kuinua gari, na gari linainuka. Usiku, taa zikiwa zimewashwa, anabonyeza swichi ileile na gari halisogei. Fundi wa kwanza alibadilisha swichi. Wa pili alishauri inunuliwe kompyuta ya sasipensheni. Hitilafu haikuwa kwenye swichi wala kwenye kompyuta. Njia iliyoifichua inastahili kujulikana na kila fundi umeme wa magari, kwa sababu spea inayonunuliwa bila kupima ni fedha ya mwenye gari inayotupwa.

Mifumo hii si migeni. Toyota ilianza kufunga sasipensheni ya kielektroniki iitwayo TEMS kwenye Soarer mwaka 1983, na baadhi ya Land Cruiser 100, toleo lililoingia sokoni mwaka 1998, zinainuka na kushuka kwa kubonyeza swichi. Magari hayo sasa yamezeeka, na nyaya zake zimezeeka pamoja nayo.

Tuanze na namna saketi inavyofanya kazi. Katika mpangilio wa gari hili, swichi haibebi umeme wa kuinua gari, inapeleka amri tu. Kompyuta inatoa volti za betri kupitia kizuizi kilichomo ndani yake, hapa cha omu 1,000, hadi kwenye waya mwembamba unaofika kwenye swichi. Swichi ikiwa imeachiwa, waya huo unasoma zaidi ya volti 12. Ikibonyezwa, unaunganishwa na erthi, volti zinaanguka karibu na sifuri, na kompyuta inajua imeamriwa.

Kutokana na hilo, waya uliokatika na swichi isiyobonyezwa ni kitu kimoja kwa kompyuta. Haiwezi kuvitofautisha, hivyo haihifadhi kodi yoyote ya hitilafu. Mashine ya kusoma kodi haikuonyesha kitu, na hapo ndipo wengi walipopotea.

Fundi aliyefanikiwa aliacha plagi zote zikiwa zimechomekwa, akachomeka ncha ya mita kwa nyuma ya plagi ya swichi, upande wa waya wa amri. Swichi ikiwa imeachiwa alipata volti 12.6, kwa hiyo kompyuta na waya wake vilikuwa vizima. Alipobonyeza, taa zikiwa zimezimwa, volti zilishuka hadi 0.7. Alipowasha taa za gari na kubonyeza tena, mita ilisoma 5.6. Kompyuta haiwezi kuichukulia volti 5.6 kuwa amri.

Kisha akahamishia ncha kwenye waya wa erthi wa swichi hiyo. Vipimo vilikuwa vilevile. Maana yake swichi ilikuwa inafunga vizuri, na volti zilikuwa zinabaki kati ya swichi na bodi ya gari.

Kwa nini usiku tu? Ndani ya swichi kuna balbu ndogo ya wati 1.2 inayomulika alama zake, nayo inatumia erthi hiyohiyo. Mchana, mkondo unaopita hapo ni wa amri peke yake, takriban miliampea 12. Gawanya volti 0.7 kwa mkondo huo, unapata ukinzani wa omu kama 60. Usiku balbu inaongeza mkondo hadi takriban miliampea 94. Zidisha kwa omu 60, na volti 5.6 zinatokea zenyewe. Erthi ilikuwa mbovu mchana na usiku. Balbu ndiyo iliyoufanya ubovu wake uonekane. Mwanga hafifu wa alama za swichi ulikuwa dalili ya mapema ambayo hakuna aliyeitilia maanani.

Mafundi waliotangulia walipima waya huo kwa mlio wa mita, ikalia, wakauhesabu mzima. Mita nyingi hulia hata pale ukinzani unapofika makumi ya omu. Mlio unathibitisha kwamba njia ipo, lakini hauthibitishi kwamba njia hiyo inaweza kubeba mkondo unaohitajika.

Boliti ya erthi chini ya dashibodi ilikutwa na kutu. Ilifunguliwa, ikasuguliwa hadi chuma kikang'aa, kichwa cha waya kikabadilishwa, boliti ikakazwa. Taa zikiwa zimewashwa na swichi imebonyezwa, erthi sasa ilisoma chini ya volti 0.1, na gari likainuka.

Ndugu mafundi, pimeni volti saketi ikiwa inafanya kazi, na katika hali ileile ambamo hitilafu hujitokeza. Msitumie taa ya kupimia kwenye nyaya za kompyuta, kwani mkondo wake unaweza kuiunguza. Msiingie chini ya gari linaloweza kujishusha lenyewe kabla halijakaa juu ya stendi imara. Na msimwambie mwenye gari anunue kompyuta kabla ya kupima erthi.