Blanketi Ndiyo Mlango

Kwenye klabu za mugithi hapa Nakuru, wahakiki ni miguu ya watu. Jamaa mmoja, gita moja, na umati usio na deni naye. Akiboo, watu wanatoka nje kuvuta sigara, wengine wanahamia baa ya pili. Anaona, anabadilisha wimbo.

Sasa chukua gita hiyo uipeleke wodi ya wanaume waliovunjika mifupa. Vitanda pande mbili, miguu imening'inizwa kwa kamba na mawe ya uzito. Wengi ni watu wa boda. Ukiboo hapa, nani atatoka?

Mara yangu ya kwanza nilikuwa bado mwanafunzi. Tulikuwa kumi na wawili, tisheti za rangi moja, kinanda, spika ya magurudumu, na katoni za sabuni na tishu za kugawa. Tulikuwa tumefanya mazoezi wiki tatu na sauti zote nne zilikaa sawa. Tuliimba nyimbo za kuvuka mto na za makao ya juu. Sista alitabasamu, mwenzetu alirekodi kwa simu, wagonjwa wakapiga makofi. Lakini kijana mmoja wa rika langu, mguu wa kulia umejaa vyuma, alivuta blanketi akajifunika kichwa mpaka tulipomaliza.

Nilimkasirikia, manze. Ilinichukua zaidi ya mwaka kuelewa kwamba blanketi lile ndilo lilikuwa mlango wake. Alitoka nje kwa njia pekee aliyokuwa nayo.

Kwa hivyo wacha nihakiki onyesho letu vile ningehakiki lingine lolote. Kwanza, nyimbo. Kijana anawaza kama atapanda pikipiki tena kabla mwenye pikipiki hajampa mtu mwingine, na sisi tunamvusha mto. Tulimzika akiwa hai, tena kwa sauti nne.

Pili, kelele. Florence Nightingale, kwenye kitabu chake cha uuguzi cha 1859, aliandika kwamba kelele isiyo na lazima inamuumiza mgonjwa. Aliongeza kwamba sauti ya binadamu na ala zenye mlio usiokatika humfaa, lakini piano na zinazofanana nayo humsumbua. Kwa mtihani huo hata gita yangu inaanguka, maana kila nyuzi ukiigusa mlio unaanza kufifia papo hapo. Sikubaliani naye kwa yote. Lakini yeye alianza kwa kumuuliza mgonjwa anasikiaje. Sisi tulianza kwa kutafuta soketi ya spika.

Tatu, makofi. Makofi ya mtu uliyempa sabuni ni adabu. Yanasema asante, hayasemi kama wimbo ulikuwa mzuri.

Najua jibu litakalokuja: hiyo ni kazi ya kujitolea, huwezi kuhakiki msaada. Mimi naona msaada ndio unahitaji mhakiki mkali zaidi, kwa sababu anayepokea hana nafasi ya kulalamika. Ni bure kwetu tu. Mgonjwa analipa kwa nguvu kidogo aliyobaki nayo na kwa utulivu wa mchana mmoja. Na tusikimbilie sayansi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2019 ilipitia tafiti zaidi ya 3,000 na ikaonyesha kwamba sanaa inaweza kusaidia afya. Sawa. Lakini "muziki unasaidia" haimaanishi wimbo wako wa jana ulimsaidia mtu.

Nilipoacha chuo nilibaki na gita na muda mwingi. Nikarudi wodini peke yangu, kwa ruhusa ya sista msimamizi, bila spika. Nilikwenda kitanda kwa kitanda nikiuliza swali moja: "Niimbe ama niache?"

Siku ya kwanza niliuliza watu watano, watatu wakakataa. Iliuma. Mmoja aliniambia, "Buda, leo hapana," akafunga macho. Kisha nikafikiria siku yake ilivyokuwa: amechomwa sindano, amegeuzwa, ameoshwa, amefungwa bendeji upya, yote bila mtu kumuuliza anataka saa ngapi. Mimi nilikuwa kitu cha kwanza alichoweza kukataa, na kikaondoka kweli. Sidhani wimbo wowote ningempa siku hiyo ungezidi hapo.

Kuna swali lingine ambalo Nakuru haiwezi kulikwepa: lugha. Mapema 2008 uwanja wa maonyesho wa ASK hapa mjini ulijaa mahema ya watu waliofukuzwa makwao. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka wakubwa wakishusha redio wimbo wa lugha fulani ukianza. Wodini, Mkikuyu na Mkalenjin wanalala vitanda vinavyopakana. Nyimbo nilizolelewa nazo ni za Kikuyu. Mzee mmoja kutoka Kuresoi aliniuliza, "Kijana, unajua ya Kipsigis?"

"Sijui, mzee. Nianzishie."

Akaanza kuvumisha, sauti imekwaruza. Nikamfuata kwa gita, nikakosea, akanisimamisha kwa kidole, akarudia. Kitanda cha tatu mtu akaingilia kiitikio. Kwa sikio la studio ulikuwa ovyo, na gita ilikuwa imelegea nyuzi moja. Kwa kipimo cha wodi, sijasikia bora kuliko huo.

Baadaye nilikumbuka Chemirocha. Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Mei 1933 alirekodi nyimbo zake za mwisho New York akijilaza kitandani kati ya wimbo na wimbo, na siku chache baadaye akafa. Santuri zake zilifika kwa Wakipsigis, jina lake likageuka Chemirocha, na mwaka 1950 Hugh Tracey akarekodi wasichana wa Kapkatet wakimwimba kama kiumbe nusu mtu nusu swara. Mgonjwa ndiye aliyeimba, na wasikilizaji walichukua wakageuza wanavyotaka. Sisi wa tisheti za rangi moja tulifanya kinyume: tuliimba wazima, na hatukumwachia mtu nafasi ya kugeuza chochote.

Kijana wa blanketi sikumpata tena. Lakini siku hizi nikiingia wodini, kabla sijatoa gita kwenye mfuko, naangalia kwanza ni nani amejifunika.