Hoja na Ushawishi katika Azimio la Arusha

Azimio la Arusha, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU Januari 1967, makada wengi hulikariri kama sala. Kada anajua kwamba maendeleo yanahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Ukimwuliza Azimio lilifikaje hapo, anarudia maneno yale yale. Kada wa namna hiyo hawezi kulitetea mbele ya mpinzani, maana hajui ni wapi linathibitisha na ni wapi linashawishi tu. Hebu tuichambue sehemu ya kujitegemea, yenye hoja nyingi kuliko nyingine.

Sehemu hiyo inaanza kwa istiari: tumo vitani dhidi ya umaskini, na silaha tuliyoichagua, yaani fedha, si yetu. Istiari si ushahidi. Kazi yake ni kumweka msomaji mahali fulani kabla ya hoja. Aliyekwisha kubali kwamba yumo vitani hashangai akiulizwa juu ya silaha yake. Kisha anatokea mbunge anayelalamika kwamba jimboni kwake hakuna maji, naye anangoja jibu moja tu: fedha. Msomaji anacheka kidogo, na kicheko nacho ni mbinu, kwa kuwa anajicheka mwenyewe.

Hapo ndipo hoja inapoanza. Fedha zitoke wapi? Kodi haiwezi kupandishwa bila kikomo. Misaada, mikopo na rasilimali za mabepari wa nje vinapimwa kimoja kimoja, na kila kimoja ama hakitoshi ama kinahatarisha uhuru. Milango inafungwa mpaka unabaki mmoja. Nguvu ya mbinu hii hutegemea ukamilifu wa orodha, na kwa maoni yetu orodha hii ilikamilika. Wala Azimio halikatai fedha. Linasema ni matunda ya kazi, si msingi wake. Lililo imara kuliko yote ni lile la mikopo: inajenga mjini, lakini inalipwa kwa fedha za kigeni zinazotokana na mazao ya mkulima. Hapo hakuna pambo lolote, ni hesabu.

Panapotutia shaka ni penye saa za kazi. Azimio linataja saa kama 45 kwa wiki za mfanyakazi wa mjini, na saa 12 hata 14 kwa siku za mwanamke wa kijijini. Kisha linasema wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Tarakimu ya kwanza inatokana na taratibu za ajira. Ya pili, aliyeishi kijijini ataikubali. Ya tatu haikupimwa na mtu. Ni chumvi iliyowekwa jirani na tarakimu mbili nzuri ili iazime heshima yake. Shabaha ilikuwa kumtetea mwanamke, nayo ni njema; lakini maneno hayo yanakaribiana mno na lawama za mkoloni juu ya uvivu wa Mwafrika, na kada anayeyapeleka kijijini kama ukweli uliothibitishwa anapeleka karipio.

Wapinzani nao wana mbinu zao. Husema kwamba kwa kuwa misaada ya nje iliongezeka sana miaka ya 1970, na mwaka 1986 Serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, basi hoja ya Azimio ilikuwa ya uongo. Wanaruka kutoka kutotekelezwa hadi kutokuwa kweli. Makubaliano yale yalikuja na masharti, kushusha thamani ya shilingi likiwa mojawapo. Na hatari ya namna hiyo kwa uhuru wetu ndiyo Azimio lililoionya miaka 19 kabla.